Barabara, Redio na Reli: Kraftwerk na Urithi Uliotiwa Doa

Wahenga wetu walituusia kuwa mwacha asili ni mtumwa. Usia huo twausikia shuleni, twausoma vitabuni, na kila tunapokutana kuzungumzia utamaduni wa taifa haukosi kutajwa. Ni usia wa kweli. Hata hivyo, liko swali moja ambalo usia huo peke yake haulijibu. Taifa lifanye nini iwapo asili yenyewe imetiwa doa? Kizazi kipya kifanye nini kinapogundua kwamba barabara zilizojengwa na wazazi, redio walizozisikiliza na reli walizosafiria zilipata kuitumikia dhuluma? Je, kizitupe? Kijifanye hakizijui? Au iko njia ya tatu?

Katika makala haya twakusudia kulitazama swali hilo kwa kufuata kazi za kikundi kimoja cha muziki wa Ujerumani kiitwacho Kraftwerk, santuri baada ya santuri. Neno Kraftwerk kwa Kijerumani maana yake ni kituo cha kufua umeme. Kikundi hiki ni miongoni mwa vilivyotangulia kabisa kuufanya muziki wa mitambo ya umeme, ambao siku hizi huitwa muziki wa elektroniki, uwe muziki wa watu wote badala ya kuwa jambo la wataalamu wachache. Huenda msomaji akauliza: muziki wa Wajerumani watufaa nini sisi? Twamwomba avute subira, maana jibu litakuja lenyewe.

Yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba hatukuanza kwa mapenzi. Tulikuwa wanafunzi wa sekondari, miaka ya 80, mjomba wetu aliyekuwa baharia aliporudi likizo na kaseti moja aliyoinunua Hamburg. Kwenye jalada walionekana wanaume wanne waliovaa mashati mekundu na tai nyeusi, nyuso zao kavu, wote wakitazama upande mmoja. Tuliposikiliza, tulikasirika. Sisi tulikwisha anza kujifunza vina na mizani, na tuliamini kwamba wimbo ni pumzi ya mtu. Hawa walikuwa wakiimba kama mashine ya kushonea. Tulimwambia mjomba kwamba muziki huo hauna roho. Mjomba akacheka, akasema, "Usikilize tena ukikua." Tumekua, tumeusikiliza tena, na makala haya ndiyo malipo ya deni lile.

Mji na vijana wake

Kraftwerk walitoka Düsseldorf, mji wa viwanda na biashara kando ya mto Rhine. Mji huo ulipigwa vibaya na mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Waanzilishi wa kikundi, Ralf Hütter, aliyezaliwa 1946, na Florian Schneider, aliyezaliwa 1947, walikulia katika nchi iliyoshindwa, iliyogawanywa, na ambayo wazee wake wengi hawakupenda kuulizwa walifanya nini kati ya 1933 na 1945. Redio na kumbi za dansi zilijaa nyimbo za Kiingereza kutoka Marekani na Uingereza. Kijana wa Kijerumani aliyetaka kuonekana wa kisasa aliimba kwa Kiingereza, na aghalabu aliiga hata lafudhi. Kuimba kwa lugha ya nyumbani kulionekana ama ni ushamba, ama ni kuchokonoa kidonda.

Wawili hao walikutana wakiwa wanafunzi wa muziki mwishoni mwa miaka ya 60. Schneider, mtoto wa msanifu majengo maarufu, alipiga filimbi. Hütter alipiga kinanda. Jirani yao, katika mji wa Köln, redio ya umma ilikuwa imekwisha anzisha chumba maalumu cha muziki wa elektroniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 50, na humo alifanya kazi mtunzi mashuhuri Karlheinz Stockhausen. Kwa hiyo wazo la kutunga muziki kwa mitambo lilikuwako jirani nao. Lililokosekana ni watu wa kulitoa chumbani na kulipeleka barabarani.

Mwaka 1970 walitoa santuri ya kwanza wakiwa na kikundi kiitwacho Organisation, na mwaka huo huo wakaanza kutumia jina la Kraftwerk. Zikafuata santuri tatu, za 1970, 1972 na 1973. Katika santuri hizo filimbi ingali inasikika, na mitambo yaonekana kama mgeni aliyekaribishwa lakini bado hajapewa kiti. Jalada la ile ya kwanza lilikuwa na picha ya pia nyekundu na nyeupe, ile inayowekwa barabarani kuwaonya madereva. Baadaye wenyewe waliziacha santuri hizo nje ya orodha ya kazi wanazozitambua rasmi. Tumezitafuta, tumezisikiliza, nasi hatuoni kwamba zina aibu. Ni sauti ya vijana wanaoitafuta sauti yao. Mwanafunzi anayeanza kutunga akumbuke hilo: hakuna aliyezaliwa na diwani mkononi.

Barabara

Mwisho wa mwaka 1974 ilitoka santuri iliyobadili mambo. Iliitwa Autobahn, yaani barabara kuu ya magari. Wimbo wake mkuu ulijaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 22. Ndani yake mna mlango wa gari unaofungwa, mna injini inayowashwa, mna honi, mna magari yanayopita kasi. Kisha sauti za watu huanza kuimba kwa Kijerumani chepesi, maneno machache ya kawaida, kama watoto waimbavyo njiani. Rekodi hiyo ilifanywa kwa msaada wa fundi hodari wa sauti, Conny Plank.

Msomaji asiyejua historia ataona huo ni wimbo wa safari tu. Lakini barabara hizo zina historia nzito. Barabara ya namna hiyo iliyounganisha Köln na Bonn ilifunguliwa mwaka 1932 na Meya wa Köln, Konrad Adenauer, ambaye baada ya vita alikuja kuwa Kansela. Mwaka uliofuata Hitler alishika utawala, na propaganda ya chama chake ikazigeuza barabara kuu kuwa kielelezo cha fahari yake, kana kwamba ndiye aliyezibuni. Hivyo basi, kwa miaka mingi neno lenyewe lilibeba kivuli cha mtu yule.

Vijana wa Düsseldorf walifanya nini? Hawakuikana barabara, wala hawakuisifu kwa makelele ya kijeshi. Waliiimba kama aionavyo mtu wa kawaida anayeendesha gari siku ya jua: kijani kando, mistari myeupe katikati, redio ikilia. Kwa kufanya hivyo waliivua sare. Na ajabu ni kwamba wimbo huo, ukiwa umefupishwa hadi dakika chache kwa ajili ya redio, ulipendwa mno Marekani na Uingereza ukiwa katika lugha yake ya Kijerumani. Mwaka 1975 santuri yenyewe ilifika nafasi ya 5 katika orodha ya santuri ndefu za Marekani. Waliokuwa wakiiga wageni waligundua kwamba wageni walikuwa wakisubiri kusikia habari za nyumbani kwao. Kweli kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Redio

Mwisho wa mwaka 1975 ikafuata santuri iitwayo Radio-Aktivität. Sasa kikundi kilikuwa na watu wanne: pamoja na waanzilishi walikuwapo Wolfgang Flür na Karl Bartos, waliopiga ngoma za umeme. Ngoma hizo hazikuwambwa ngozi. Zilikuwa vibao vya chuma, na kijiti kikigusa kibao mlio hutoka kwenye spika. Kifaa hicho walikitengeneza wenyewe, kwa kuwa dukani hakikuwako.

Jina la santuri hii ni fumbo la kupendeza kwa mtu wa ushairi. Lina maana mbili: shughuli za redio, na mionzi ya nyuklia. Vyote viwili husafiri hewani bila kuonekana. Kimoja chaleta habari, kingine chaweza kuleta mauti. Jaladani iliwekwa picha ya redio ya zamani ya bei nafuu, ya aina iliyosambazwa Ujerumani katika miaka ya 30 ili sauti ya chama kimoja iingie kila nyumba. Nasi twaisoma picha hiyo hivi: chombo kilekile kilichowahi kumwaga chuki sebuleni mwa watu sasa kinarudishwa mezani, kinafunguliwa, kinachunguzwa, kinapewa kazi nyingine.

Fumbo lina utamu wake, lakini lina hatari pia. Wako waliosema kwamba wimbo mkuu wa santuri hiyo ulikuwa ukiisifu nyuklia, maana haukutamka upande wake. Baadaye, mwaka 1986, ikatokea ajali ya Chernobyl. Kraftwerk walipourekodi upya wimbo huo katika santuri ya The Mix ya mwaka 1991, waliongeza neno la kuzuia na wakataja majina ya mahali palipoumizwa au kutishwa na mionzi, Chernobyl na Hiroshima miongoni mwao. Mwaka 2012 waliuimba karibu na Tokyo, katika tamasha la kupinga nyuklia, na jina la Fukushima likaongezwa kwa maneno ya Kijapani.

Jambo hili lilitufikirisha sana. Sisi washairi twapenda kusema kwamba utungo ukishatoka mkononi hauguswi. Lakini je, mtunzi akiona kwamba fumbo lake limeanza kuwaficha watu ukweli, hana wajibu wa kulifumbua? Sisi tumeishia kuamini kwamba anao. Si udhaifu kurekebisha neno. Udhaifu ni kulitetea neno kwa sababu tu ni letu.

Reli

Mwaka 1977 wakatoa Trans-Europe Express. Hilo lilikuwa jina la treni za fahari zilizoanza mwaka 1957 kuunganisha nchi kadhaa za Ulaya Magharibi. Chumba chao cha kurekodia, kiitwacho Kling Klang, kilikuwa karibu na stesheni kuu ya Düsseldorf, na mtu akiisikiliza santuri hii ataamini kwamba reli ilipita katikati ya chumba. Mdundo wake ni mdundo wa magurudumu yakivuka maungio ya reli. Katikati mna kipande kiitwacho Metall auf Metall, yaani chuma juu ya chuma, ambacho ni mlio mtupu wa vyuma vinavyogongana kwa utaratibu. Aliyewahi kulala kwenye behewa la daraja la tatu kutoka Dodoma hadi Tabora ataufahamu mara moja, bila mkalimani.

Hapa doa la urithi lilikuwa zito kuliko kwingineko kote. Miaka ya vita, treni za Ulaya zilitumika kuwapeleka Wayahudi na watu wengine kwa mamilioni kwenye kambi za mauaji. Kraftwerk hawakutunga wimbo wa maombolezo kuhusu hilo, na wako wanaowalaumu kwa kunyamaza. Sisi hatudai kwamba wimbo waweza kuwafufua waliokufa. Twaona tu kwamba vijana wa Kijerumani, miaka 32 baada ya vita kumalizika Ulaya, waliiimba treni inayovuka mipaka bila mizinga, inayomchukua msafiri kutoka mji hadi mji wa waliokuwa maadui, na kumrudisha salama nyumbani Düsseldorf. Huo nao ni msimamo, hata kama umesemwa kwa sauti ya chini.

Mtu na mtambo

Ile kaseti ya mjomba ilikuwa santuri ya mwaka 1978, Die Mensch-Maschine, yaani mtu-mtambo. Mashati mekundu yaliyotukasirisha, pamoja na herufi zilizopangwa mshazari, yalifuata mtindo wa msanii wa Urusi El Lissitzky wa miaka ya 20. Wimbo wa kwanza wawahusu roboti. Ndani yake wamo wanasema kwa Kirusi kwamba wao ni watumishi na wafanyakazi.

Ilitubidi tukue ndipo tufahamu kejeli iliyomo. Neno roboti liliingia katika lugha za dunia kutokana na tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Shina lake ni neno la Kicheki linalomaanisha kazi ya kulazimishwa, ile ambayo watu wa pwani yetu waliiita shokoa. Kumbe roboti tangu asili si kifaa cha kuchezea; ni jina la mtu aliyenyang'anywa hiari. Wanaume wanne walipojipanga jukwaani kama roboti, na hata walipotengeneza vinyago vyao wenyewe visimame mahali pao, walikuwa wakiuliza swali: ni nani hasa aliye mtumwa hapa, mtambo au mtu anayefanya kazi kama mtambo?

Katika santuri hiyo hiyo umo wimbo kuhusu mwanamitindo, msichana anayeuza tabasamu mbele ya kamera. Wimbo huo ulikaa miaka kadhaa, kisha mwaka 1982 ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Yaonekana watazamaji walihitaji muda kuzoea. Nasi pia.

Kompyuta

Sasa tumefika kwenye santuri iliyotugusa kuliko zote, Computerwelt ya mwaka 1981, yaani ulimwengu wa kompyuta. Wakati huo kompyuta za nyumbani zilikuwa chache mno. Polisi wa Ujerumani Magharibi, hata hivyo, walikwisha anza kuzitumia katika miaka ya 70 kuwasaka magaidi kwa kuchambua kumbukumbu za raia. Wimbo mkuu unataja benki na polisi kwa sauti ya utulivu, kama mtu anayesoma orodha, na utulivu huo ndio unaotisha. Wimbo mwingine ni wa kuhesabu tu, kwa lugha mbalimbali, juu ya mdundo mkali. Mwingine tena ni wa mzaha kuhusu kikokotoo cha mfukoni, nao waliurekodi kwa lugha kadhaa, Kijapani kikiwamo. Jukwaani waliwapa watazamaji vikokotoo wabonyeze wenyewe, ili kila mtu aone kwamba chombo si uchawi.

Tuliisikiliza santuri hii kwa makini tukiwa tayari watumishi wa serikali, katika masjala ya ofisi moja, siku ambazo majalada yalikuwa yakihamishiwa kwenye kompyuta. Siku moja alikuja mzee mstaafu kufuatilia pensheni yake. Tuliingiza namba yake, haikupatikana. Tukamwambia, "Mzee, jina lako halimo." Akatutazama kwa muda mrefu, kisha akajibu, "Mwanangu, mimi si huyu hapa mbele yako?"

Hatukuwa na jawabu. Ilichukua siku tatu kugundua kwamba tarakimu mbili za namba yake zilibadilishana nafasi wakati wa kuziandika. Mtambo haukukosea, aliyekosea ni mtu, kisha mtu yule yule akauamini mtambo kuliko macho yake. Jioni ile, wimbo wa kuhesabu uliposikika nyumbani, hatukuweza tena kusema kwamba hauna roho. Ulikuwa umetutaja. Tulikuwa tumeogopa kwamba mitambo ingeimba kama watu, kumbe jambo la kuogopa lilikuwa sisi kusema kama mitambo.

Mbegu ng'ambo ya bahari

Santuri zina miguu. Mwaka 1982, mtaani Bronx katika jiji la New York, Afrika Bambaataa na kikundi cha Soulsonic Force walitoa wimbo uitwao Planet Rock. Waliichukua sauti ya ile treni ya Ulaya, wakaipigia upya kwa mitambo yao, wakaiunganisha na mdundo uliofuata ule wa wimbo wa kuhesabu, wakaweka juu yake maneno ya vijana weusi wa mtaa wao. Huo ukawa mmoja wa mihimili ya muziki wa hip hop.

Huko Detroit, mji wa viwanda vya magari, mtangazaji aliyejulikana kwa jina la Electrifying Mojo alikuwa akizipiga santuri za Kraftwerk redioni usiku. Miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo vijana watatu waliosoma katika shule ya sekondari ya Belleville: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Kutokana na yale waliyoyasikia, pamoja na muziki wa watu wao, walizaa muziki ulioitwa tekno, ambao baadaye ulirudi Ujerumani na kujaza kumbi za Berlin. Twaomba walimu wawaambie wanafunzi wao habari hii. Muziki wa Kiingereza uliowajaza vijana wa Düsseldorf wasiwasi ulikuwa na mizizi yake katika nyimbo za Wamarekani weusi. Wajerumani waliujibu kwa lugha yao, na wajukuu wa Afrika wakalichukua jibu hilo wakalijibu tena. Utamaduni si maji ya mtungi. Ni maji ya mto.

Mto nao una ugomvi wa mipaka. Mwaka 1997 watayarishaji wa muziki wa Kijerumani walichukua sekunde mbili tu za Metall auf Metall wakazitumia katika wimbo wa rap. Kraftwerk walishtaki. Shauri likapanda kutoka mahakama hadi mahakama kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2019 likasikilizwa hata na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Sisi twaelewa haki ya mtunzi kulinda jasho lake. Vilevile twaelewa kwamba waliochukua barabara, redio na reli wakavigeuza kuwa nyimbo hawakuanza na mikono mitupu. Swali hilo twamwachia msomaji alijadili darasani, kwa kuwa pande zote mbili zina hoja.

Baiskeli

Baada ya mwaka 1981 kasi ya kikundi ilipungua. Santuri ya 1986, Electric Café, haikupokewa kwa shangwe kama zilizotangulia, na Flür na Bartos waliondoka mmoja baada ya mwingine. Lakini upo wimbo wa mwaka 1983 ambao kwetu ndio unaokamilisha safari. Unahusu Tour de France, mashindano ya baiskeli yaliyoanza mwaka 1903, nayo yalipotimiza miaka 100 walitoa santuri nzima juu yake, mwaka 2003. Ndani ya wimbo huo mlio wa mnyororo umeunganishwa na pumzi ya mwendeshaji, kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa. Hapo ndipo tulipopata ile pumzi tuliyoidai tukiwa wanafunzi. Baiskeli ni mtambo, lakini haiendi bila miguu ya mtu. Na mtu, akiwa juu yake, hufika mbali kuliko miguu yake. Mchuuzi wa samaki anayetoka pwani alfajiri na tenga nyuma ya baiskeli anaijua falsafa hiyo.

Mwezi Aprili 2012, jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York liliwaalika Kraftwerk wapige santuri zao 8 kwa usiku 8, kana kwamba ni michoro ya kutundikwa ukutani. Schneider alikwisha jitoa kikundini, naye alifariki dunia mwaka 2020. Hütter aliendelea na safari pamoja na wenzake wapya.

Tamati

Sasa turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Sisi huku nasi tunao urithi wenye doa, na baadhi yake umetoka nchi ile ile. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893; Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ujenzi wa reli ya pili ulianza mwaka ule ule ambao watu wa kusini walisimama katika Vita vya Maji Maji. Reli hizo hazikujengwa kwa ajili yetu. Lakini baada ya Uhuru ndizo zilizowachukua wanafunzi wa bara kwenda kusoma pwani na wa pwani kwenda bara, na ndani ya mabehewa hayo vijana wa makabila mbalimbali walizoeana kwa Kiswahili. Hata neno shule, ambalo kila mwalimu hulitamka kila siku, limetoka katika Kijerumani. Hatulitupi kwa sababu ya aliyelileta. Tumelifanya letu kwa kazi tunayoifanyia humo.

Kwa hiyo mwacha asili ni mtumwa, naam. Lakini mwenye kuipokea asili bila kuichunguza naye hajawa huru. Njia ya tatu ni kukitwaa chombo, kukijua kilikotoka, kutaja doa lake, kisha kukisemesha lugha yako mwenyewe. Vijana wa Düsseldorf walijitahidi kufanya hivyo, mara nyingine kwa ushujaa, mara nyingine kwa kunyamaza kupita kiasi. Kizazi kilichoko madarasani leo kimerithi simu na kompyuta ambazo hakikuzitengeneza. Twakiusia kisiziogope, wala kisiziabudu. Na kila mtu mzima atakayesimama mbele yao akiwa na namba isiyoonekana katika orodha, wamtazame yeye kwanza, kisha ndipo watazame mtambo.